Ufunguo wa Ajabu: Tamthilia za Safari za Anga baina ya Sayansi na Njozi

Kuainisha kazi za sanaa huonekana mara nyingi kuwa kazi ya karani wa maktaba kuliko ya mhakiki. Lakini mahali ambapo ainisho hutumiwa kufundishia na kusahihishia mitihani, kosa la jina huzaa kosa la usomaji, na kosa la usomaji hudumu miaka mingi baada ya mtihani kusahauliwa. Swali linalochunguzwa hapa ni hili: mfululizo wa tamthilia za televisheni unaosimulia safari baina ya nyota, wenye merikebu kubwa, vita, milki na mashujaa, uwekwe katika fungu la hadithi za kisayansi au katika fungu la njozi? Ubishi huu umevuma sana Ulaya na Marekani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vipimo vitatu vinavyotumiwa zaidi katika ubishi huo havitoshi, kupendekeza kipimo cha nne, na hatimaye kukijaribu kipimo hicho kwa riwaya moja ya Kiswahili, Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotolewa mwaka 1995. Riwaya hiyo ina chombo cha angani na sayari ya mbali. Na kwa sababu hiyo yaweza kudhulumiwa kwa urahisi na ainisho la haraka.

Kwa ajili ya mjadala, inafaa kumwazia mtazamaji mmoja: mwanafunzi wa kidato cha tatu aishiye Kegonga, katika Kuria Mashariki, kaunti ya Migori. Mahali hapa hapakuchaguliwa ovyo. Kegonga iko karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, na Wakuria, wenyeji wake, wanaishi pande zote mbili za mpaka huo. Kijana wa namna hii hukua akipokea ajabu kutoka pande tatu. Nyumbani, kwa lugha ya Igikuria, husimuliwa na nyanya yake ngano ambazo ndani yake mnyama husema na mfu hurudi. Darasani hufundishwa fizikia, ambamo jiwe lililorushwa juu halina hiari ila kuanguka. Penye televisheni huona merikebu ikikata anga kwa mwendo upitao ule wa nuru. Kipimo chochote cha utanzu kisichoweza kusimama mbele ya mtazamaji huyu ni kipimo cha jamii moja tu kilichovishwa joho la nadharia ya walimwengu wote.

Kipimo cha kwanza ni ugeni. Husemwa kwamba hadithi ya kisayansi humpeleka mtazamaji mahali asipopajua. Ukichukuliwa mfululizo wa Kimarekani wa Star Trek, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza baina ya 1966 na 1969, udhaifu wa kipimo hiki hudhihirika mara moja. Afisa wa mawasiliano katika merikebu ya Enterprise, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliitwa Uhura, jina lililotoholewa kutoka neno la Kiswahili "uhuru". Katika tamthilia ya kwanza kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe kiwezacho kujigeuza umbo kinamjia Uhura katika sura ya kijana wa kiume na kumsemesha kwa Kiswahili. Kwa mtazamaji wa Chicago wa mwaka ule, maneno hayo yalikuwa sauti ya mbali, sehemu ya ajabu ya anga zenyewe. Kwa kijana wa Kegonga, hayo ndiyo maneno ya somo la saa tatu asubuhi na ya mapatano ya bei sokoni. Lililo geni hapo ni kiumbe. Lugha ni ya nyumbani. Kumbe ugeni haukai ndani ya kazi ya sanaa peke yake. Hukaa baina ya kazi na mtu aitazamaye. Kitu kibadilikacho kila mtazamaji abadilikapo hakiwezi kuwa mpaka wa utanzu.

Kipimo cha pili ni vifaa. Penye roketi, yasemwa, pana sayansi. Penye fimbo ya uganga pana njozi. Kipimo hiki ndicho chepesi kufundisha, na kwa hiyo ndicho cha hatari zaidi. Kifaa mashuhuri kuliko vyote katika Star Trek ni mtambo unaomyeyusha msafiri ndani ya merikebu na kumwunda upya juu ya sayari. Mtambo huo haukuzaliwa katika chumba cha utafiti. Ulibuniwa kwa sababu kuonyesha merikebu ikitua na kuruka kila juma kungegharimu fedha nyingi mno kwa tamthilia ya televisheni. Yaani ulizaliwa na shida ya msimuliaji: jinsi ya kumfikisha shujaa kule bila kuichosha hadhira wala mfuko. Zulia lirukalo la hekaya za mashariki linafanya kazi iyo hiyo, na kwa sababu iyo hiyo. Ikiwa zulia na mtambo vina wajibu mmoja katika usimulizi, basi tofauti ya mbao na chuma haitoshi kutenga tanzu mbili.

Kipimo cha tatu, nacho kina heshima kubwa zaidi, ni kanuni. Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya utanzu huu, alifungamanisha ugeni na utambuzi: ulimwengu wa hadithi ya kisayansi ni mgeni, lakini akili yaweza kuufuata kwa sababu na matokeo. Wafuasi wengi wamelirahisisha wazo hili wakisema kuwa njozi haina kanuni, bali sayansi inazo. Hapa pia mtazamaji wa Kegonga angekuwa na la kujibu. Wakuria wana baraza la siri la wazee liitwalo inchama, ambalo wataalamu wa elimu ya jamii wameliandikia mara nyingi. Mamlaka yanayonasibishwa na baraza hilo hayaaminiwi kuwa ya ovyo. Yana taratibu, yana miiko, na kila tendo lina wakati wake. Vivyo hivyo mganga wa ngano haponyi bila masharti, na sharti likivunjwa dawa haifanyi kazi. Kanuni zipo tele katika njozi. Wakati mwingine ni kali kuliko za maabara. Kusema kwamba njozi ni fujo ni kutoijua njozi.

Kama ugeni, vifaa na kanuni havitoshi, ni nini kinachobaki? Kinachopendekezwa hapa ni ufunguo. Katika kila hadithi ya ajabu kuna uwezo upitao kawaida, na uwezo huo una mlango. Swali la kuuliza ni nani awezaye kuufungua. Ikiwa mlango hufunguliwa kwa kujifunza, hata mtu mwingine yeyote akijifunza vivyo hivyo ataweza kuufungua, basi ajabu hiyo ni ya kisayansi, hata kama fizikia yake ina makosa. Ikiwa mlango hufunguliwa kwa damu, kwa kuteuliwa au kwa siri isiyopasishwa ila kwa wachache, ajabu hiyo ni ya njozi, hata kama mlango wenyewe ni wa chuma na una taa zinazomeremeta. Sayansi, kabla ya kuwa rundo la mitambo, ni ahadi kwamba maarifa hayana mwenyewe. Hapo ndipo inapotengana na inchama, wala si katika utaratibu.

Star Trek ikipimwa hivi huonyesha sura yake bora. Mhandisi wa Enterprise hatengenezi injini kwa kuwa ni mwana wa wahandisi. Amesoma, na yupo msaidizi wake asomaye pia. Katika tamthilia moja ya 1967, mtambo wenye akili unaifuta kumbukumbu ya Uhura yote. Hasomewi uganga wa kuirudisha. Anaketishwa afundishwe kusoma upya, neno kwa neno, na anapokwama hutoka kwake maneno ya Kiswahili. Kasi ya kupona kwake haiaminiki hata kidogo, na mtaalamu wa ubongo angecheka. Hata hivyo, mwelekeo ni wa kisayansi: kilichopotea chaweza kufundishwa.

Mpinzani atasema kwamba katika mfululizo uo huo yumo Spock, ambaye anaweza kuunganisha fikra zake na za mtu mwingine kwa kumgusa usoni, na kwamba uwezo huo ni wa kabila la baba yake, si wa darasani. Pingamizi hili ni la haki, na linafundisha jambo. Mfululizo mrefu huwa na waandishi wengi, na funguo za aina mbili huweza kuning'inia katika pete moja. Kwa hiyo kipimo hakina budi kutumiwa penye fundo la kisa, pale mkasa unapofunguliwa. Ufunguo unaolifungua fundo ndio unaotaja utanzu. Ule unaoning'inia tu ni pambo. Kwa kipimo hiki zipo tamthilia za Star Trek zilizo za kisayansi na zipo zilizo njozi, na mhakiki hana sababu ya kuona haya kusema hivyo.

Mfano wa upande wa pili ni filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, iliyozaa baadaye tamthilia nyingi za televisheni, kama The Mandalorian iliyoanza 2019. Hapa vyuma ni vingi kuliko katika Star Trek. Lakini fundo linapofika, shujaa Luke anaizima kompyuta ya kulengea shabaha na kuitegemea nguvu ya ghaibu iliyo ndani yake. Katika filamu ya 1980 anabainika kuwa mwana wa adui yake mkuu, naye ni hodari wa nguvu iyo hiyo. Ni kisa cha mwana wa mfalme asiyejua nasaba yake, kisa ambacho kila nyanya anacho. Mwaka 1999, katika filamu nyingine ya mfululizo huo, ilielezwa kwamba nguvu hiyo hutegemea viumbe vidogo sana vilivyomo katika damu na viwezavyo kuhesabiwa. Watazamaji wengi walichukizwa, nao walikuwa na sababu. Msamiati wa biolojia uliongezwa, lakini ufunguo ukabaki katika damu. Njozi ilivishwa koti la daktari, haikuwa daktari.

Sasa irudiwe Walenisi. Dzombo amehukumiwa kufa katika nchi ya dhuluma, na hukumu yenyewe ni kutiwa katika chombo na kurushwa angani. Anakimudu chombo hicho na kufika sayari ya Walenisi, ambako jamii imejengwa juu ya usawa. Mwalimu apimaye kwa vifaa ataiandika riwaya hii katika orodha ya hadithi za kisayansi, kisha atailaumu kwa kuwa haielezi injini. Mwalimu apimaye kwa ugeni ataiita njozi, na kwa neno hilo atakuwa ameishusha hadi kuwa burudani. Wote wawili watakuwa wameipita riwaya bila kuisalimu. Jina la sayari, likitamkwa polepole, lasema lenyewe: wale ni sisi.

Kwa kipimo cha ufunguo jambo hubainika. Dzombo haokolewi na nasaba wala hirizi. Anaokolewa kwa akili na ujasiri, sifa ambazo msomaji yeyote aweza kuwa nazo. La muhimu zaidi, usawa wa Walenisi si tunu ya kabila teule. Umejengwa na watu, na kilichojengwa na watu chaweza kujengwa na wengine. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na mwaka 1986 alitiwa kizuizini na serikali ya Kenya bila kushtakiwa mahakamani. Mtu wa namna hiyo anapoandika juu ya mwananchi anayerushwa nje ya dunia kwa amri ya watawala, roketi yake haihitaji maelezo ya mafuta. Sayansi inayofanyiwa kazi katika riwaya hii ni elimu ya jamii, na mlango wake u wazi kwa kila msomaji. Kwa maana hiyo Walenisi ni hadithi ya kisayansi kwa haki zaidi kuliko tamthilia nyingi zenye merikebu zing'aazo.

Haifuati kwamba njozi ni duni. Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamrudisha mfu ulimwenguni ili amhukumu mjukuu aliyeshiba madaraka. Ufunguo hapo ni wa nasaba kabisa: ni babu ndiye arudiye, na ni mjukuu ndiye ajiwaye. Riwaya hiyo ni njozi, na makali yake kwa watawala hayapungui hata chembe. Tofauti iko katika dai linalotolewa kwa msomaji. Njozi humkumbusha deni alilorithi. Hadithi ya kisayansi humwonyesha kazi awezayo kujifunza. Jamii inayahitaji yote mawili, lakini haiwezi kuyapokea ikiwa haijui ni lipi lililotolewa.

Kwa hiyo inafaa walimu wa fasihi waache kuhesabu roketi. Badala yake waulize maswali mawili: fundo la kisa lafunguliwa kwa ufunguo gani, na ufunguo huo waweza kupewa nani? Maswali hayo hayahitaji maktaba kubwa wala safari ya ng'ambo. Mwanafunzi wa Kegonga ana ngano, ana fizikia, na ana Kiswahili cha kuyapima yote hayo. Akiandika katika karatasi ya mtihani kwamba vita vya nyota ni ngano ya mwana wa mfalme, na kwamba Walenisi ni somo la kujenga nchi, msahihishaji mwenye mwongozo wa vifaa atamnyima alama. Kosa litakuwa la mwongozo, na ni juu ya idara zinazoandaa walimu kuusahihisha mwongozo huo kwanza.