Herufi Ndogo Pembeni mwa Tarehe

Tarehe 27 Mei 2013, Jaji J. A. Makau wa Mahakama Kuu ya Meru alitoa hukumu ambayo imesomwa mbali sana na mlima huu wa Kenya. Waliofungua kesi walikuwa wasichana wadogo kumi na mmoja, waliotajwa kwa herufi za majina yao tu, pamoja na shirika la Ripples International lililowapa hifadhi. Walikuwa wamenajisiwa, na polisi hawakuchunguza inavyopasa. Jaji aliona kwamba uzembe huo ulivunja haki zao, akaamuru uchunguzi ufanywe upesi na kitaalamu. Wengi wanaijua kesi hiyo kwa jina la wasichana 160, maana waliopitia mikononi mwa shirika hilo walikuwa wengi kuliko waliofika mahakamani.

Ukiisoma hukumu yenyewe utaona haikusimama juu ya Katiba peke yake. Imo mikataba: ule wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ule wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na ule wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mmoja ulipitishwa New York, wa pili Addis Ababa, wa tatu Nairobi mwaka 1981. Ili isimame mbele ya jaji mjini Meru, ilibidi mtu akae chini aitafute, athibitishe kwamba Kenya imejifunga nayo, kisha achambue vifungu vinavyogusa masaibu ya watoto wale. Kazi ya mtu huyo ndiyo ninayotaka kuisifu, kwa sababu jina lake aghalabu haliandikwi popote, na likikosekana jasho lake wakili husimama kortini na maneno matupu.

Mlango wake ulifunguliwa na Katiba ya 2010. Ibara ya 2(6) inasema mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Zamani korti zilitaka kwanza Bunge litunge sheria ya kuutekeleza. Katiba ilianza kutumika tarehe 27 Agosti, na kabla ya Septemba kuisha, Martha Koome, mzaliwa wa Meru ambaye wakati huo alikuwa jaji wa Mahakama Kuu na mwaka 2021 akawa Jaji Mkuu, alikuwa ameshautumia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kumkinga mdaiwa asifungwe jela kwa deni. Majaji wengine walikuja kutofautiana naye. Lakini tangu hapo hakuna wakili makini anayeweza kuuchukulia mkataba kama pambo la hoja.

Swali la kwanza la mtafiti ni fupi: Kenya imo? Jibu lake linaweza kula asubuhi nzima. Chukua Mkataba wa Haki za Mtoto. Ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989. Kenya ilitia saini tarehe 26 Januari 1990, ikaridhia tarehe 30 Julai mwaka huo huo, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 2 Septemba. Hizo ni tarehe nne, kila moja na maana yake. Anayeanza kazi huishika ya saini kwa sababu ndiyo yenye picha na hotuba. Mkongwe huipita bila kusimama. Saini huonyesha nia; kifungo hutoka kwenye kuridhia.

Sasa fungua rejista ya Umoja wa Mataifa kwenye Mkataba wa Kuondoa Ubaguzi wa Aina Zote dhidi ya Wanawake, ule wa 1979. Safu ya saini mbele ya jina la Kenya ni tupu. Mtu mwenye haraka atafunga ukurasa na kumwambia wakili kwamba hatumo. Mwenye subira atapeleka jicho safu inayofuata, aone 9 Machi 1984, na pembeni mwa tarehe hiyo herufi moja ndogo, a. Herufi hiyo inamaanisha kwamba Kenya ilijiunga moja kwa moja bila kupitia hatua ya saini, na aliyejiunga hivyo amefungwa sawasawa na aliyesaini kisha akaridhia. Mkataba wa haki za kiraia nao uko hivyo hivyo, tangu tarehe 1 Mei 1972. Binti anayedai urithi wa shamba la babake Imenti au Runyenjes anaweza kukosa nguzo ya hoja yake kwa sababu mtu hakuiona herufi hiyo.

Na rejista haiko mahali pamoja. Mikataba ya Umoja wa Mataifa hutunzwa na Katibu Mkuu wake, ya Afrika iko Addis Ababa, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iko Arusha. Anayeitafuta Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake kwenye orodha ya New York hataikuta. Akiikuta kwenye orodha ya Umoja wa Afrika, ataona Kenya iliridhia Oktoba 2010, na bado hajamaliza. Kenya iliridhia huku ikijiondoa kwenye vipengele viwili, 10(3) kuhusu matumizi ya kijeshi na 14(2)(c) kuhusu utoaji mimba. Wakili akisoma kipengele hicho cha pili kortini bila kutaja hilo, wa upande wa pili atasimama na karatasi moja tu, na hoja itakuwa imekwisha. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi mtafiti: anatafuta pia kile kitakachomuumiza mteja wake, na anakileta mezani mapema.

Mikataba ya nchi mbili ndiyo inayotesa. Ibara ya 102 ya Hati ya Umoja wa Mataifa inataka kila mkataba usajiliwe na uchapishwe, lakini usajili huo huweza kuchelewa. Kwa Kenya, Sheria ya Kutunga na Kuridhia Mikataba ya 2012 inataka baadhi ya mikataba hiyo ipitie Baraza la Mawaziri na Bunge la Taifa, na iliweka Msajili wa Mikataba. Kwa hiyo fundi huingia kwenye ripoti za kamati za Bunge na kumbukumbu za mijadala, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta siku hoja ilipopitishwa.

Watu wa huku hawakuanza jana kujua uzito wa makubaliano. Gichiaro, undugu wa kiapo uliofunga koo na jamii za Wameru na jirani zao, haukuwa na karatasi, na bado kila mmoja alijua nani yumo na ana wajibu gani kwa nani. Ndugu wa gichiaro hadhuriwi, wala hanyimwi alichoomba. Anayetaka kujua leo kama ukoo wake umefungwa na ukoo fulani wa Tharaka huwaendea wazee, na maswali atakayowauliza ni yale yale ya mtafiti: nani walikula kiapo, na kinawafunga nani mpaka leo?

Jani lenyewe la eneo hili limewahitaji sana watafiti hao. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mnamo Juni 2014, mkulima wa Maua alikuwa na haki ya kumuuliza wakili wake kama dunia nzima ilikuwa imekubaliana dhidi ya shamba lake. Jibu liko kwenye majedwali ya Mkataba wa Dawa Zinazoathiri Akili, uliofanywa Vienna mwaka 1971. Kathinoni, kemikali iliyomo ndani ya jani, imo kwenye jedwali la kwanza. Kathini imo kwenye la tatu. Miraa yenyewe, mmea na majani yake, haimo. Marufuku ya Uingereza yalitoka kwenye sheria yake ya nyumbani, na kwa mkulima tofauti hiyo ni kubwa: sheria ya nchi moja unaweza kuitafutia soko jingine, ukaomba serikali yako ikazungumze na hiyo nchi moja.

Mei 2024, baadhi ya magavana wa Pwani walipopiga marufuku muguka, jamaa ya miraa, wakulima wa Mbeere walikimbilia Mahakama Kuu ya Embu, na korti ikasimamisha marufuku hayo kwa muda. Ugomvi huo ulikuwa wa kaunti na kaunti. Ila mjadala wa jani hautaishia hapo, na kila mara utakaporudi kutakuwa na mtu wa kusema kwa sauti kubwa kwamba sheria za kimataifa zimekwisha kulikataza. Majedwali ya Vienna hubadilishwa: Shirika la Afya Duniani hupendekeza, na Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa hupiga kura. Ndiyo maana mtafiti hodari, akimjibu mkulima leo, huandika chini ya jibu tarehe aliyoyafungua majedwali hayo, na akiulizwa tena mwaka ujao huyafungua upya kabla ya kusema neno.