Faili limefutwa, diski bado imejaa

“Nimefuta faili kubwa kuliko yote, kaka, lakini bado inasema mia kwa mia.”

Kijana aliyenipigia alikuwa Olbalbal, mbele ya seva ndogo ya Ubuntu inayoendeshwa kwa umeme wa jua. Mimi nilikuwa Karatu. Kati yetu kuna geti la Lodoare, ukingo wa kreta na mteremko mrefu, kwa hiyo kazi yote ilifanyika kwa simu: nataja amri herufi kwa herufi, anaandika, ananisomea jibu.

`df -h /` ilisema ukubwa 98G, zilizotumika 93G, zilizobaki 0. Gigabaiti 5 zimekwenda wapi? Ni akiba. Mfumo wa mafaili wa ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, kama mbegu ambazo mwenye shamba pekee ndiye anayezigusa. Ndiyo maana programu zilikuwa zimekwama, lakini yeye kwa `sudo` bado aliweza kufanya kazi.

Kisha `sudo du -xsh /`. Jibu: 32G.

Hapo ndipo penye utamu wa kisa hiki. `df` huuliza mfumo wa mafaili nafasi ngapi zimeshikwa; `du` hupita folda kwa folda ikijumlisha mafaili yenye majina. Tofauti ya gigabaiti 61 ilikuwa ni lile faili alilolifuta. Kwenye Linux, `rm` hufuta jina tu. Data huachiwa pale jina la mwisho linapoondoka na hakuna programu iliyolifungua faili hilo. Umekata jina kwenye daftari la ghala, magunia yamo ndani, na mpagazi bado anaongeza mengine.

Mpagazi tulimpata kwa `sudo lsof +L1`, inayoorodhesha mafaili yasiyo na jina lakini bado yamefunguliwa. Ilikuwa programu ya kutuma data, namba 1184, imelishika faili la logi kwa kishikio (file descriptor) namba 5.

“Basi niizime niwashe?”

Hapana, subiri. Kuzima kungerudisha nafasi yote papo hapo, na kungefuta ushahidi. Faili lililoshikwa bado linasomeka kupitia programu inayolishika:

`sudo tail -n 200 /proc/1184/fd/5 | tee /dev/shm/mwisho.txt`

Nakala tuliiweka `/dev/shm` kwa sababu hiyo ni kumbukumbu ya RAM, haiigusi diski. Mistari 200, sentensi ileile: imeshindwa kufikia seva ya mbali, inajaribu tena. Mtandao ukikatika, programu hujaribu bila kupumzika, na kila jaribio huacha mstari. Maji ya korongo la Oldupai huishia katika bonde hilihili la Olbalbal, hayana njia ya kufika baharini, lakini angalau yana jua la kuyakausha. Logi ile haikuwa na jua.

Sasa ndiyo tukaiwasha programu upya, si kompyuta nzima. `df` ikashuka: 32G.

Kusafisha kwa `apt clean` na `journalctl --vacuum-size=500M`, ambako wengi huanzia, kulitoa gigabaiti chache. Journald, inayotunza logi za mfumo, yenyewe hujiwekea kikomo cha 4G, kwa hiyo ni nadra iwe mkosaji mkuu. Kazi ya maana ilikuwa kuweka sekunde 60 kati ya majaribio, na kuipa logi zamu ya `logrotate` yenye `copytruncate`. Bila neno hilo, logrotate hubadilisha jina la faili huku programu ikiendelea kuandika kwenye lile la zamani, na tungerudi kulekule.

Mwisho nikamwomba `sudo vgs`, inayoonyesha nafasi ya diski ambayo haijagawiwa. Diski ni ya 256GB, lakini kisakinishi cha Ubuntu Server, kikitumia LVM, kwa diski kubwa huipa patisheni ya mfumo 100G na kuacha zinazobaki bila mwenyewe. Zilikuwepo kama 135G. Sikutaka tuanze nazo. Tungeipa tu logi bonde kubwa zaidi. Sasa tukaongeza, mfumo ukiwa unafanya kazi:

`sudo lvextend -r -L +50G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

Akauliza kwa nini tusichukue zote. Kwa sababu ext4 hukua ikiwa hai, lakini kuipunguza kunataka seva izimwe na iwashwe kwa flashi, na mwenye flashi hiyo yuko Karatu.