Dirisha la Lua

Msomaji aliyeko Genkuru, upande ule wa Tarime ulio jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, akifungua makala ya Wikipedia ya Kiswahili kwenye simu yake, aghalabu hukuta marejeo yamepangwa vizuri chini ya ukurasa. Kazi hiyo hufanywa na skripti za Lua, ambazo wachangiaji huzihariri kama wanavyohariri makala. Tangu 2013 seva za Wikimedia huziendesha skripti hizo kwa kutumia LuaSandbox, programu iliyoandikwa kwa C na kukompailiwa. Ninachokistaajabia ni namna C inavyoita funksheni za Lua bila lugha hizo mbili kuharibiana.

Maana tabia zao haziendani. C hutaka kujua mapema kila kitu ni cha aina gani. Lua haijali: jina lilelile laweza kubeba namba sasa na jedwali baadaye, na kitu kisichotumika tena hukifuta yenyewe. C ikishikilia anwani ya kitu kilichokwisha kufutwa, basi tena.

Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes waliiunda Lua mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazil. Ila utaratibu ninaousifu hapa ulikuja na toleo la 4.0, mwaka 2000: steki, yaani rundo la thamani zilizopangwa moja juu ya nyingine, iliyo wazi kwa mwandishi wa C. Ni kama dirisha la duka lenye nondo. Mnunuzi haingii ndani, muuzaji hatoki nje. Pesa na bidhaa hupitia pale dirishani tu.

Tuseme skripti ina funksheni iitwayo malipo, inayopokea kilo za kahawa na bei ya kilo moja. C huanza na lua_getglobal, na funksheni huwekwa kwenye steki. Kisha lua_pushnumber mara mbili: kilo, halafu bei, kwa mpangilio huohuo. Halafu lua_pcall, nayo huambiwa kwamba hoja ni mbili na jibu linalotakiwa ni moja. Lua huondoa funksheni pamoja na hoja zake, hupiga hesabu, huacha jibu peke yake. C hulisoma kwa lua_tonumber katika nafasi ya -1, ambayo daima ndiyo ya juu kabisa, kisha hulitoa kwa lua_pop. Bei ikitaka kukokotolewa kwa njia nyingine kesho, inahaririwa skripti. Programu ya C haikompailiwi upya.

Ile lua_pop ndiyo humtambulisha fundi. (Kwa kweli si funksheni, ni jina la mkato la lua_settop.) Lua nayo huweza kuita C, na inapofanya hivyo huahidi nafasi 20 tu za ziada kwenye steki. Anayesahau kusafisha ndani ya kitanzi atazijaza, na programu itakuja kuharibika mbali kabisa na mstari wenye kosa. Fundi makini huhakikisha steki imerudi ilivyokuwa kabla ya kuendelea, hata pale mambo yanapokwenda kombo.

Na huenda kombo. Skripti ikikosea, lua_pcall humrudishia C namba isiyo sifuri na kuacha ujumbe wa kosa juu ya steki. Ndugu yake lua_call hana kinga hiyo: kosa huruka juu ya msimbo wa C uliokuwa katikati, na lisipodakwa popote, programu nzima hufa. Wikipedia haiwezi kukubali hilo, kwa kuwa skripti yaweza kuandikwa na yeyote. Skripti inayozidi sekunde 10 za prosesa husimamishwa, na msomaji huona maandishi mekundu ya hitilafu wakati sehemu nyingine za ukurasa ziko salama.

Msimbo wa Lua uko wazi na ni wa bure. Ukijua C kidogo, anza na faili la lapi.c: funksheni nyingi humo hazifiki mistari 20.