Sauti Inayochelewa: The Cure katika Ukumbi wa Troxy

Tarehe 1 Novemba 2024, siku ileile ilipotoka albamu yao ya Songs of a Lost World, bendi ya Uingereza ya The Cure ilipiga nyimbo 31 kwa muda unaokaribia saa tatu katika ukumbi wa Troxy, Stepney, mashariki mwa London. Troxy ilifunguliwa mwaka 1933 kama jumba la sinema na huchukua watu wa maelfu machache tu. Kwa bendi iliyozoea viwanja, kuchagua udogo huo tayari ni uamuzi wa kifani. Sisi tuliofuatilia kupitia YouTube tulipata matini ileile, ingawa kamera ilikwisha kutusomea sehemu yake kabla hatujaisoma wenyewe.

Onyesho lina sehemu nne, na mpangilio wake ndio hoja yake. Kwanza zinakuja nyimbo zote nane za albamu mpya, kwa mfuatano uleule wa kwenye santuri. Kisha 12 za kati ya 1985 na 1994. Kisha tano, zote kutoka albamu ya Seventeen Seconds ya 1980. Mwisho sita za kuchezeka, ambazo miaka yake imechanganywa bila mfuatano, hadi Boys Don't Cry ya 1979 inapofunga. Bendi kongwe nyingi huchomeka wimbo mpya kati ya zile zipendwazo, kama mama anayemfichia mtoto kidonge ndani ya tonge. Robert Smith, mwimbaji na kiongozi wa bendi, aliyekuwa na miaka 65, alikataa hila hiyo. Alianza na lililo gumu, akarudi nyuma awamu kwa awamu, hata mbinu rejeshi, ambayo tumezoea kuiona ndani ya riwaya, ikawa muundo wa usiku mzima.

Ndani ya sehemu ya kwanza mbinu kuu ni ucheleweshaji wa sauti. Katika Alone, zaidi ya dakika tatu hupita kabla mwimbaji hajatamka neno. Katika Endsong, wimbo wa nane, zaidi ya sita. Msikilizaji wa taarab asilia hatashangaa, kwani anajua bashrafu: ala husema kwanza, na hakuna anayezihimiza. Anayestaajabu ni mzoefu wa dansi, ambako maneno hutangulia na chemko hufuata, mchezaji akilipwa kwa uvumilivu wake. Hapa ala hazimlipi mtu. Kinanda na gitaa hurudia mkururo uleule polepole, ngoma za Jason Cooper zikiwa nzito na zenye nafasi pana, mpaka taharuki ya kungoja inageuka kuwa maudhui. Na nafsineni anapofungua kinywa hatimaye, anazungumzia mwisho wa nyimbo zenyewe. Huzuni imekwisha kukamilika bila yeye. Maneno yanakuja kuithibitisha tu, na ndiyo maana I Can Never Say Goodbye, maombolezo ya Smith kwa kaka yake Richard, inaweza kusema mambo yake kwa lugha nyepesi kabisa bila kuonekana hafifu.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonishughulisha kidogo kuliko zote. Ni nyimbo nzuri, lakini mpangilio wake unaelekea kuridhisha kuliko kujenga, hadi wimbo wa Disintegration unapoziba ufa huo kwa ukali wake.

Utajiri unarejea katika zile tano za 1980. Besi ya Simon Gallup, ambayo kwa kawaida ya bendi hii hubeba muziki wenyewe badala ya kuutegemeza kutoka chini, inabaki karibu uchi, na nafasi inayoachwa wazi inajazwa na watu. Katika Play for Today, hadhira huimba mstari wa kinanda, si maneno. Ni kiitikio kisichokuwamo katika maandishi ya wimbo, kilichotungwa na wasikilizaji kwa miaka mingi ya kukirudia. Katika A Forest, takriri ya besi huendelea hata vyombo vingine vinapojiondoa, na makofi huingia mahali pa vyombo hivyo. Aliyeanza usiku akingojeshwa sasa ni mshiriki wa uundaji.

Huo ndio usomaji ninaoutetea dhidi ya wanaoona sehemu ya nne kuwa zawadi tu ya kuwaaga watu. Boys Don't Cry, kama ilivyo kwenye santuri yake, ni fupi kuliko utangulizi wa Alone: wimbo mzima unakwisha ndani ya muda ambao, mwanzoni, tulikuwa bado tunasubiri neno la kwanza. Nafsineni wake ni kijana anayeficha machozi kwa kuwa mwanamume hafundishwi kuyaonyesha. Kijana huyo angewekwa kwanza, tungemcheka kidogo na kuendelea. Amewekwa wa 31, baada ya mzee aliyekwisha kumlilia kaka yake mbele ya wote bila kujificha, na majigambo yake hayana tena pa kusimama.