Pumzi ya Mgeni

Wiki mbili zilizopita, usiku wa kuamkia Ijumaa, kijana mmoja wa hapa Dzaleka alinyanyuka dhikri ikiwa imekolea, akachukua viatu vyake, akatoka. Khalifa aliyeongoza usiku ule hakuwa wa silsila yake. Kulipokucha, kuanzia msikitini hadi kwenye vibanda vya chai, nilisikia sifa zake tu: huyo ndiye muridi, huyo hamchanganyi shehe wake na mtu. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema laiti vijana wote wangekuwa hivyo.

Nimeshindwa kunyamaza. Nimekaa kwenye halaka tangu nina miaka 12, kwanza Rumonge kando ya ziwa, kisha njiani, kisha hapa, nami nasema wazi kuwa kilichosifiwa ni malezi mabovu. Ubovu wenyewe ni wa aina ambayo asiyezoea hauoni, na ndiyo sababu ya kuandika.

Wasomaji walio mbali wajue tunavyoishi. Kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, wilayani Dowa, Malawi, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Leo tumepita watu 50,000. Wenye uradi kati yetu wametoka Buyenzi, Rumonge, Uvira, Kasongo, na kila mmoja alipewa mkono na shehe aliyebaki huko au aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, mimi niliyekuwa na meza ya kaunjika, yaani mitumba, soko la Tsoka mjini Lilongwe nilirudi pamoja na wenzangu, na halaka tatu ndogo zikawa moja. Hakuna hata mmoja kwenye mkeka ule ambaye shehe wake yupo mbele yake. Sote ni wageni. Kumshika shehe wako huku umekaa mbele ya khalifa wa mwingine ni kazi ya kila Alhamisi, na kazi hiyo ina ubora wake na uchakavu wake kama kazi yoyote.

Watu wanahukumu kwa vitu vyepesi. Wanatazama machozi, wanahesabu mara ngapi mtu amemtaja shehe wake, wakiona mtu ameanguka wanasema amefika. Kuanguka hakuna maana yoyote. Tasbihi mkononi wakati watu wamesimama ni kasoro, na sitaki kujadiliana. Anayemtaja shehe wake kabla hajaulizwa bado mbichi. Anayesimulia ndoto za shehe wake mbele ya watu ni mbichi zaidi.

Mimi nasikiliza pumzi, na si pumzi yote. Nasikiliza pale khalifa anapopandisha.

Mnajua inavyokwenda. Fatiha, silsila, kisha tahlili ya kukaa, polepole. Kisha watu wanasimama, inabaki Jina peke yake, na mwisho linabaki la kifuani tu, lisilo na herufi. Kati ya daraja moja na nyingine kuna upenyo mdogo, mfupi kuliko muda wa kunyanyua mkono. Kila khalifa ana alama yake hapo. Shehe wangu alipiga kofi moja. Khalifa wetu mmoja wa hapa huinua sauti kwenye tamko la mwisho. Mwingine hainui kitu, huinama zaidi kidogo, na asiyemtazama magoti hajui kwamba tumekwisha kupanda. Nyumba zote zina ngazi, lakini vidato havilingani urefu.

Hapo ndipo watu watatu wanajitenga. Wa kwanza ana shehe mmoja na hajui kitu kingine chochote. Atapanda kwa alama aliyoizoea, nusu pumzi kabla ya wenzake, na utasikia mkwaruzo, kama mguu uliotegemea kidato kisichokuwepo gizani. Wa pili hana shehe, ana mashehe. Yeye atachelewa, maana anafuata bega la jirani, na pumzi yake inatoka imefifia, ina ladha ya kila mahali.

Wa tatu, aliyelelewa akaleleka, ananyamaza. Pumzi moja tu. Anaiachia itoke bila sauti, mwili unaendelea kuyumba pamoja na safu, mdomo umefumba. Anasikia nyumba inaelekea wapi. Pumzi ya pili anaingia mzima, na anaingia kwa kifua kilekile alichofunzwa kwao. Haigi kifua cha mtu. Ile pumzi tupu ndiyo ninayoitafuta. Wengi watasema amechoka, au amesahau. Kumbe ameweka chini kitu chake kwa sababu anajua kilipo na atakiokota. Mwenye hofu ya kukipoteza haachii, anakikumbatia na kuwagonga wenzake nacho. Na asiye na kitu hana cha kuweka chini.

Nilikuwa mtoto nilipoisikia mara ya kwanza, na sikuielewa. Mzee mmoja alikuja Rumonge akitokea Ujiji, mtu wa tawi jingine kabisa, akakaa mwisho wa safu karibu na viatu. Nilikuwa kando yake. Shehe wangu alipopiga kofi, mzee alinyamaza. Nikadhani pumu. Kisha akaingia, na safu nzima ikatulia, kama mtumbwi wakati mpiga kasia mzoefu anaposhika kasia lake. Shehe wangu alikuwa katikati, amefumba macho, mbali nasi kwa watu zaidi ya 20. Baada ya dua alikuja moja kwa moja pale kwenye viatu, akamwamkia, akauliza, "Baba, nani alikulea?" Ndipo yule mzee alipomtaja shehe wake, mara moja, kwa sauti ndogo. Asubuhi shehe wangu akaniambia nimtumikie mgeni kwa siku zote atakazokuwepo. Alikaa siku 40. Nilipomaliza nikarudi kwa shehe wangu, na hakuniuliza nilichopewa. Shehe anayekuuliza hivyo ana wasiwasi na alichokupa yeye.

Sasa matapeli. Lilongwe alipita mmoja na faili la plastiki lenye ijaza 7, zenye mihuri, na watu wakamzunguka pale Tsoka kama amefungua balo jipya. Nilimuuliza swali moja: katika hawa saba, ni yupi aliyewahi kukugombeza? Hakuwa na jibu. Usiku alichelewa kila daraja. Mwingine, niliyemjua njiani, aliwaapisha muridi zake wasimsalimie khalifa yeyote isipokuwa yeye, na kila mwezi alipokea mchango. Siku alipovuka mpaka na kutoweka waliachwa hawana pa kukaa, kwa kuwa walikwisha kugombana na nyumba zote. Hata walipofiwa, maiti wao alizikwa na watu wachache. Hao nao walikuwa wakisifiwa kwa uaminifu.

Nikisema haya hunijibu kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali ni ya kweli, lakini mgeni hashiki, mgeni anakaa. Wakubwa walikwisha kulimaliza jambo hili. Shehe Ahmad Zarruq wa Fez, aliyefariki mwaka 1493, alitenganisha shehe wa elimu, shehe wa malezi na shehe wa kupandisha daraja, ambaye kukutana naye na kupata baraka yake hutosha. Wa malezi ni mmoja. Baraka unaipokea popote unapoikuta. Na Shehe Abdulqadir mwenyewe, mwenye njia hii yetu, ambaye kwa jina lake tunagombana, khirka aliivaa kwa Abu Said al-Mukharrimi, lakini aliyemsugua nafsi pale Baghdad ni Hammad al-Dabbas, muuza shira asiyejua kusoma. Angenyanyuka na kuchukua viatu vyake kwa sababu mtu yule si wa darasa lake, leo tungesoma silsila ya nani?

Tena tusisahau mwisho wa njia hii ya kutoka na kususa. Shehe Uways wa Barawa, ambaye mkono wake umewafikia wengi wa pwani hadi bara, aliuawa mwaka 1909 kule Biyoley akiwa mzee wa miaka 60 na zaidi. Waliomuua walikuwa wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, watu wa Salihiyya, watu wa uradi. Walikuwa waaminifu kwa kiongozi wao kupita kiasi.

Wenyeji wetu wa Malawi wana jeraha lao la namna hii. Wayao wa Mangochi na Machinga wamegawanyika kwa miaka mingi kati ya Twaliki, wanaosindikiza maiti kwa sikiri, yaani dhikri, na bendera, na Sukuti, wanaotembea kimya. Maziko mengi yamevurugika kwa hilo. Lakini niliwahi kumwona Lilongwe mzee mmoja wa Kitwaliki kwenye maziko ya jirani yake. Wafiwa walikuwa Sukuti. Mzee aliikunja bendera, akaiweka kwapani, akatembea nao hadi makaburini bila kutoa sauti. Nilikuwa nyuma yake na nilimwona mgongo ukipanda na kushuka kwa mapigo ya dhikri, njia nzima. Alhamisi yake aliongoza sikiri kama kawaida. Nimeona mabingwa wachache wa kiwango kile, na wengi wao sasa wako chini ya ardhi.

Vijana wanajifunza pumzi kwenye simu. Siwalaumu, mashehe wao wako mbali. Ila rekodi hainasi pumzi tupu, inanasa wale wanaosikika. Mtoto akisikiliza dhikri za nchi tano kwa mwezi ataiga sauti zote tano, na kile kimya kilichozibeba hatakijua. Kimya hicho hufundishwa na bega la mtu aliye kando yako kwenye mkeka, na bega hilo si lazima liwe la nyumba yako. Langu lilikuwa la mzee wa Ujiji.

Kwa hiyo yule kijana hakumtetea shehe wake. Alimwaibisha, kwa maana waliokuwepo wanaojua kusikiliza walijiuliza ni nani aliyemlea akamwachia mlango huo. Nami najua, kwa sababu nimemsikia akiwa na watu wa kwao, kwamba kifua chake ni kizuri na uradi wake umenyooka. Aliyemfunza alifanya kazi. Imebaki pumzi moja tu.

Alhamisi hii, baada ya Isha, ataongoza khalifa yuleyule. Upande wa viatu kuna nafasi, nami nitakaa hapo. Mdogo wangu, rudi.