Kobe, Kiboko na Fundi wa Katuni

Sanaa ya kumchora mnyama hata akaenda, akasema na kucheka ni miongoni mwa sanaa ambazo watu wazima aghalabu huzipuuza, kwa kuwa huziona zikitazamwa na watoto mkekani. Nami naandika kuisifu, maana katika ufundi wa zama zetu ni adimu kuona mwingine udaio subira kubwa kama hiyo kwa ajili ya furaha ya muda mchache. Filamu hupita machoni kwa picha 24 katika kila sekunde, na mchoraji wa mkono, hata akiidumisha kila picha kwa nafasi mbili ili apunguze taabu, hubakiwa na deni la michoro 12 kwa sekunde hiyo moja. Mtoto wa Likoni amwonapo simba akigeuza shingo na kupiga miayo, amekwisha kupitiwa na taabu kubwa ya mtu asiyemjua, wala hakuhisi ila utamu wake.

Wengi hudhani kwamba upya wa filamu hizi watoka katika kubuni maajabu: mnyama avae suruali, aendeshe gari, atie mzaha wa vijana wa mjini. Mimi naamini kwamba watoka katika utii, yaani fundi kuyatii maumbile ya mnyama kabla hajaitii akili yake mwenyewe. Filamu ya Bambi, iliyotoka mwaka 1942, ilitanguliwa na wachoraji kuletewa watoto wa paa walio hai, wakawatazama jinsi wasimamavyo kwa miguu isiyojua bado kazi yake. Na waliotengeneza The Lion King ya mwaka 1994 waliletewa simba studioni, kisha baadhi yao wakasafiri hadi Kenya, wakayaona majabali ya Hell's Gate kule Naivasha. Juhudi hiyo ndiyo iliyozipa filamu hizo umri mrefu. Mnyama ambaye ni mtu tu aliyevikwa ngozi huchekesha kwa maneno, na maneno ya mzaha huchakaa upesi. Bali yule achekeshaye kwa mwendo wake mwenyewe atawachekesha hata wajukuu.

Ikiwa yuko atakaye ushahidi wa hayo, si lazima avuke bahari, kwani tunao hapa hapa Mombasa bara, upande wa Kisauni. Mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 yalimwacha mtoto wa kiboko peke yake kwenye miamba ya bahari ya Malindi, na kesho yake watu wakamnasa kwa nyavu baada ya mapambano makubwa, akapakiwa garini hadi Bamburi, katika Hifadhi ya Haller. Mahali hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, jangwa jeupe lisilo na jani, mpaka René Haller alipoanza mwaka 1971 kupanda mivinje na kuwaleta majongoo ili watafune majani makavu yageuke udongo. Kisa hicho nacho chastahili insha yake. Kiboko yule, aliyepewa jina la Owen, alikuwa na umri wa kama mwaka mmoja. Alipofunguliwa kamba alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa asili ya Aldabra aitwaye Mzee, aliyekisiwa kuwa na miaka 130 hivi, akajikunyata hapo kama ajikunyatavyo mtoto wa kiboko nyuma ya mamaye. Kobe alimfukuza kwa mlio wa hasira, akaondoka, kiboko akamfuata. Siku hazikupita nyingi wakawa wanakula pamoja, wanaoga pamoja na kulala ubavu kwa ubavu.

Sasa na tumfikirie fundi wa katuni aliyekabidhiwa kisa hiki. Kishawishi cha kwanza kitakuwa kuwapa vinywa vya kusemea, kobe ahubiri hekima na kiboko aimbe juu ya upweke wake, na pengine kumwongeza ndege mpiga porojo ili watoto wasichoke. Naona aula wanyamaze. Kiboko yule alikuwa akimgusa kobe miguu ya nyuma kwa pua ili amwendeshe atakako yeye, na kobe alikuwa akinyoosha shingo ili alambwe uso. Ni mtoto gani wa Changamwe asiyeangua kicheko amwonapo mzee wa karne nzima akielekezwa njia na mtoto wa juzi? Kicheko hicho chatoka ndani ya maumbile yao wawili, na kazi ya mchoraji ni kuuchora uzito: tumbo la kiboko litikisike baada ya miguu kusimama, na shingo ya kobe irudi ndani polepole, isirudi kwa haraka ya kuwahi mwisho wa onyesho.

Lakini utii waweza kuwa wa namna mbili, na wa pili niliujua kwa kutazama mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa kwa watoto wa Uingereza mwaka 2010, hadithi 52 za kueleza kwa nini nyoka hana miguu na kwa nini kiboko hana manyoya. Tembo wa humo si tembo wa Tsavo. Ni tembo wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania, ambaye kabla ya kufariki mwaka 1972 alikuwa akichora jijini Dar es Salaam juu ya vipande vya mbao kwa rangi za baiskeli, wanyama wenye madoadoa na macho makubwa. Mafundi wa Nairobi waliutii mkono wa mchoraji, wakatafuta jinsi mnyama aliyetulia ubaoni anavyoweza kuinua mguu bila kupoteza madoadoa yake. Upya wa kazi ile umo humo.

Ziko hekaya zetu zinazongoja mafundi wa namna hiyo. Kisa cha kima na papa, kilichochapwa na Edward Steere mwaka 1870 katika masimulizi ya watu wa Unguja, kilianza safari yake Bara Hindi, ambako rafiki wa kima alikuwa mamba. Katika Kalila wa Dimna ya Waarabu akawa kasa. Nasi watu wa pwani tukamfanya papa, na maradhi ya mke mwenye hila yakawa maradhi ya sultani wa papa, asiyepona ila kwa moyo wa kima. Kima akiwa katikati ya maji juu ya mgongo wa rafiki yake asema kwamba kima huiacha mioyo yao mtini, na papa amrudisha pwani kuufuata. Kijana wa Kisauni atakaye kukichora atamsoma kima kwa tumbili waibao ndizi madirishani, na kazi hiyo si ngumu sana. Ugumu u kwa papa. Hana nyusi wala midomo ya kutabasamu, uso wake ni mmoja akifurahi na akihuzunika, na anapogundua chini ya mkuyu kwamba amedanganywa, fedheha yake yote haina pa kuonekana ila katika mkia na katika jinsi anavyozunguka majini mara moja zaidi kuliko inavyohitajika.