«The Opium War»: sinema muzuri, lakini inatuacha njiani

Wandugu, niliangalia hii sinema ya Xie Jin ya 1997. Pale Humen, mwaka 1839, Lin Zexu anaharibu makasha zaidi ya 20.000 ya afyuni, ule ulevi wa kuvuta wenye Waingereza walikuwa wanaleta. Inagusa kabisa. Lakini kilichofuata kiko wapi? Kuanzia 1845, serikali ya Waingereza kule Hong Kong iliuzisha haki ya kufanya biashara ya afyuni. Basi magendo ikageuka maana: kosa si afyuni tena, kosa ni afyuni isiyolipiwa. Mwenye kununua ile haki alikuwa hata na watu wake wa kupekua wengine. Mimi njo hiyo sinema nangojea: mutu anafungwa juu ya kadogo, kasha lenye leseni linapita.